Mawe Matatu ya Kalavati

Wiki iliyopita nilikwenda shuleni kumchukulia binti yangu ripoti, nikakuta vibarua wawili wamechuchumaa kando ya njia wakipaka mawe chokaa. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Chokaa ilikuwa bado mbichi, na harufu yake, kwa wale wasioijua, ni ya baridi na kali kidogo, inashika puani na kwenye koo. Wengi hawaipendi. Mimi nilisimama pale na ripoti mkononi mpaka askari wa geti akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia hapana, nimefika. Alinitazama kwa mashaka, na simlaumu.

Nilikuwa nimefika kwa tata. Sisi Wateso ndivyo tunavyomwita nyanya, na tata wangu, mama mzaa mama, aliishi upande wa Chakol, mwendo mfupi kutoka barabara kuu inayotoka Busia kwenda Malaba. Nilipelekwa kwake nikiwa darasa la tatu, baada ya mama kujifungua mtoto wa nne na nyumba yetu ya Busia kujaa. Kwetu ni jambo la kawaida mtoto mmoja kutolewa akakae na mkongwe. Mama alinifungia nguo kwenye kikapu, akaniambia nikawe mikono na miguu ya tata, nimtekee maji na kumwokotea kuni. Mikono na miguu alivitaja. Macho hakuyataja mtu.

Nyumba ya tata haikuitazama lami. Iliipa mgongo. Mlango wake ulitazama barabara nyingine, ile ya zamani, iliyokuwa ikitumika kabla lami haijawekwa. Wenye kuipima lami waliona ile ya zamani ina kona nyingi, inazunguka kila kinamasi, wakanyoosha yao kwingine na kuiacha pale na nyasi zake. Kwetu watoto ilikuwa ajabu kubwa. Ilikuwa pana, ngumu, nyekundu, imeinuka katikati na mitaro pande zote mbili, halafu haina gari hata moja. Mbuzi walilala juu yake. Wimbi lilianikwa juu yake. Kwa mbali ulisikia trela zikinguruma kuelekea mpakani, lakini hapo kwetu kilichopita ni siafu na, mara moja moja, baiskeli ya mtu aliyekataa kula vumbi la malori.

Nilipokuwa sina kazi niliichunguza barabara hiyo kama mtu aliyeahidiwa zawadi. Niliokota nati zenye kutu, kipande cha kioo cha taa, na mara moja bamba la chuma ambalo nilimpelekea tata, akalifanya kifuniko cha chungu. Nilijua palipo na kila kalavati, yale madaraja madogo ya kupitishia maji chini ya barabara. Na kando kando, upande ule uliopita mbele ya boma letu, kulikuwa na mawe meupe yamepangwa mstari, hatua kumi kumi, yaking'aa kwenye nyasi kama meno.

Mawe hayo yalikuwa kazi ya babu. Alikuwa mtu wa genge la barabara, na kipande kile alikabidhiwa yeye: kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kupaka mawe chokaa ili madereva wauone ukingo. Alikuwa na namna yake ya kuweka jiwe, ambayo tata alinieleza mara nyingi. Unachimba, unalizika mpaka kiunoni, upande bapa unatazama juu, kisha unalikaza kwa kokoto pande zote na kuzishindilia kwa mpini wa jembe mpaka mtu akilipiga teke aumie yeye. Pale kwenye kalavati kubwa, iliyo kati yetu na chemchemi, ukuta wa upande wa kinamasi ulikuwa umeangushwa na lori tangu zamani. Babu aliweka mawe matatu makubwa mahali pa ule ukuta. Babu alikufa, lami ikaja, barabara ikasahaulika, na tata akaendelea. Kila mwezi wa kumi na mbili alikoroga chokaa kwenye karai, akapaka mawe yote mpaka la mwisho.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anapaka barabara isiyo na gari.

"Hii barabara nilibeba na kichwa," alisema. "Karai kwa karai. Babu yako analipwa, mimi nasaidia bure. Sasa niiache?"

Mimi sikuelewa hivyo. Mimi nilielewa kwamba tata ni mfanyakazi wa serikali. Nilifikiri barabara ile imefungwa kwa muda tu, kama shule inavyofungwa, na tata ameachiwa ufunguo. Nilimweleza hivyo Akisa, rafiki yangu wa boma la ng'ambo ya kalavati, na Akisa akaniheshimu kwa karibu wiki nzima.

Kila asubuhi kabla ya shule tulikwenda chemchemi, na mwendo wa tata ulinithibitishia jambo hilo. Alitembea ukingoni, si katikati, na kila alipofika kwenye jiwe aliligusa kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kupita. Nilidhani anayahesabu, kwa ajili ya mkubwa wake wa kazi. Njiani aliniuliza maswali. Ng'ombe wale ni wa nani? Mama Akisa ameanika nini leo? Kule kwenye lami foleni imefika wapi? Nilijua kuwa ananipima akili kama mwalimu, nikajibu kwa sauti, na nilipojibu vizuri alisema, "Sawa kabisa." Uzi wa sindano nilitunga mimi. Kuchambua mawe kwenye wimbi ilikuwa kazi yangu. Nilifikiri ananifunza kazi za mwanamke, na wakati mwingine, nikiri, nilifikiri ni mvivu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ijumaa moja mimi na Akisa tulikuwa tukicheza kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama, nyuma ya kichaka ng'ambo ya kalavati. Tulikuwa na kila kitu: kibati cha sufuria, majani ya mboga, mtoto wa mgunzi wa mahindi. Hatukuwa na mafiga. Na mtu hawezi kuwa na jiko la kweli kwa mawe ya kuokotaokota, moja kubwa, moja dogo. Sufuria inalala upande. Tukatazama huku na huku, tukaona pale kwenye kalavati mawe matatu meupe, yanalingana kama ndugu. Tulichimba kwa kijiti mpaka mikono ikapasuka. Babu alikuwa ameyakaza kweli. Tuliyaviringisha moja moja mpaka jikoni kwetu, tukawasha moto wa kweli, tukapika mboga ya kweli ambayo hakuna aliyeila. Nilirudi nyumbani nimefurahi sana.

Asubuhi yake nilibaki nyuma kidogo, nimeona mapera yameiva. Tata alitangulia. Nikasikia mtungi ukivunjika.

Nilipofika alikuwa ameketi chini ya kalavati, kwenye tope, khanga imemvuka begani na mguu mmoja umekunjika vibaya. Hakulia. Alikuwa akipapasa. Mkono wake ulikwenda kwenye nyasi, ukaenda kwenye tope, ukapita karibu kabisa na fimbo yake bila kuigusa, ukarudi, ukapita tena. Fimbo ilikuwa mbele yake, mchana mweupe. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake, naye aliinua uso akatazama mahali ambapo sikuwa.

"Mawe yangu yako wapi?" aliuliza.

Nilikuwa na umri mdogo lakini si mjinga. Maswali yote ya njiani yalinirudia kwa mpigo mmoja: ng'ombe wale ni wa nani, Mama Akisa ameanika nini. Nilishuka nikamwekea fimbo mkononi. Hofu yangu haikuwa ya kuchapwa. Nilimpenda yule mwanamke kuliko mtu yeyote duniani, na nilikuwa nimemwondolea ukuta wake wa mwisho nikapikia mboga.

Nilimwambia papo hapo. Nilimweleza yote, mafiga, sufuria, kijiti. Alinisikiliza huku akikamua tope kwenye khanga. Kisha akaniuliza kama angalau ile mboga iliiva.

Jioni, mguu ukiwa umefungwa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, ndipo alipozungumza nami kama mtu mzima mwenzake. Alikuwa na mwaka wa pili akiona vivuli tu, na sasa vivuli navyo vilikuwa vinaondoka. Hakumwambia mtu, kwa sababu ya mjomba Emase. Mjomba alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee, karani kwenye ofisi ya mizigo Busia, mtu wa shati jeupe na maneno machache. Alikuwa ameshamtengea mama yake chumba. Alikuwa ameshasema kwamba siku akiona mama hawezi, boma litafungwa.

"Nitakaa kwa hiyo chumba nisikilize redio ya majirani," tata alisema. "Hapa najua kila kitu kiko wapi. Huko hata mlango nitauliza."

Habari ya kuanguka ilifika Busia haraka, na mjomba akatuma ujumbe kwamba atakuja Jumamosi inayofuata kujionea. Tulikuwa na wiki moja. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mawe. Mawili niliyakuta jikoni kwetu, meusi kwa masizi. Niliyasugua kwa mchanga, nikayaburuta mpaka kwenye kalavati na kuyakalisha kwenye mashimo yake nilivyoweza, yakawa yanayumba. La tatu halikuwepo. Nilitafuta kila kichaka. Akisa alilia akaapa kwamba hajui, na nilimwamini, maana Akisa hakujua kudanganya bila kucheka.

Ijumaa jioni nikamwambia tata kuwa nimeshindwa. Alifikiri kidogo.

"Basi wewe ndiwe jiwe," alisema. "Utasimama pale. Ukohoe."

Mjomba alifika na baiskeli ya boda saa nne asubuhi, amebeba mkate na sukari. Tata alimpokea mlangoni wima kabisa, akamtania kuwa amenenepa, jambo lililokuwa kweli kila mwaka. Kabla chai haijachemka mjomba alisema angependa kumwona mama akitembea mpaka chemchemi na kurudi, ajue mguu ukoje. Tata akasema twende, hata mimi nataka maji.

Sijawahi kuona mtu akiigiza vile. Alitembea ukingoni, fimbo kwenye kwapa kama vile haihitaji, na njia nzima alimsimulia mwanawe anachokiona. Aliona mihogo ya Mama Akisa imeanikwa, kwa sababu harufu yake ilitufikia. Aliona malori ni mengi leo, kwa sababu aliyasikia. Alimwonyesha kwa kidole mnara wa kanisa, na kwa bahati ulikuwa upande huohuo. Mimi nilikimbia mbele mpaka kwenye kalavati, nikasimama kwenye lile shimo tupu, nikakohoa. Nilikohoa tena. Nilikohoa mpaka koo likaniwasha kweli. Tata alipapasa jiwe la kwanza kwa mguu, likayumba. La pili, likayumba. Halafu mguu wake ukaelea hewani ukitafuta, ukagusa mguu wangu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Aliukanyaga mguu wangu polepole, akavuka.

Mjomba akavuka baada yake. Alikuwa nyuma yetu, mikono mfukoni. Tulirudi, akanywa chai, akala viazi, akazungumza habari za Busia. Mimi nilikaa karibu na jiko nikisubiri hukumu. Saa nane alisimama, akasema mguu utapona na mama akae tu, yeye atapita kwa Mama Akisa kumsalimu halafu ashike njia. Tata alimwinulia mkono mpaka hatua zake zikapotea, kisha akaketi chini kwa uzito na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Tulicheka wote wawili, tumeshikana.

Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumapili, tulipokuwa tukienda kanisani, jiwe la tatu lilikuwa mahali pake.

Mawe yote matatu yalikuwa yametulia. Hata yale mawili yangu hayakuyumba tena. Yalikuwa yamezikwa mpaka kiunoni, upande bapa juu, na kokoto zimeshindiliwa kuyazunguka. Nilijua palepale ni nani aliyefanya hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimesikia mara nyingi namna yake ya kazi. Nilijua ni babu, aliyekufa kabla sijazaliwa, ametoka alikolala akaja kutengeneza kipande chake. Sikuogopa. Nilimwona ni mtu mwema sana.

Tata alikanyaga la kwanza, la pili, la tatu. Alisimama juu ya lile la tatu kwa muda, akilisikiliza kwa nyayo.

"Umeweka wewe?" aliniuliza.

Sikujua nimwambie nini kuhusu babu. Nikasema ndiyo.

"Asante, mama yangu," akasema, na tukaenda kanisani.

Nilikaa naye mpaka nikamaliza darasa la nane, na mwishowe hakuona hata kivuli, na kila mtu kijijini alijua, na hakuna aliyesema. Alifariki kitandani mwake, mlango wazi, barabara yake mbele. Nilisoma, nikaolewa, nikahamia mbali. Habari ya babu kurudisha jiwe niliacha kuiamini pole pole, kama mtu anavyoacha nguo iliyombana, lakini sikupata nyingine ya kuweka mahali pake. Na ule uongo wangu ulinichoma miaka yote. Alinishukuru kwa kazi ambayo sikuifanya.

Kwa hiyo jioni ile, baada ya harufu ya chokaa, nilimpigia simu mjomba Emase. Amestaafu zamani, mkewe alishatangulia, naye amerudi kukaa peke yake kwenye boma lile lile la tata. Nilimwambia kwamba nina kosa la utotoni nataka kuungama kabla hatujafa wote. Nikamweleza mafiga, shimo, na kukohoa. Nikamsikia akicheka kile kicheko chake cha puani.

"Sasa wewe ulifikiri mimi sikuona?" alisema. "Ulikohoa mpaka nikataka kukununulia dawa."

Alisema aliona mguu wa mama yake ukitafuta hewani. Mtu mwenye macho, alisema, hatafuti na mguu. Alipokwenda kumsalimu Mama Akisa alikuta jiwe jeupe, lenye masizi upande mmoja, limekandamiza majani ya mgomba juu ya mihogo iliyovundikwa. Mama huyo alikuwa ameliokota kichakani akitoka kuni, akaona linafaa. Mjomba aliliomba, akalibeba kifuani mpaka kwenye kalavati, akavua viatu, akachimba kwa mikono. Mawe yangu mawili aliyang'oa akayapanga upya, kwa kuwa yeye utotoni ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake kokoto.

"Hiyo shati ya kazi iliishia hapo," alisema.

Nikamuuliza kwa nini basi hakumchukua. Aliyaona yote, chumba kilikuwa tayari.

"Nimpeleke wapi? Alikuwa na wewe."

Nikamwambia kwamba tata alidhani ni mimi niliyelirudisha, kwamba nilimdanganya na akafa akiamini hivyo. Mjomba akasema hapana. Alipokuja Pasaka, kabla hajapewa hata kiti, mama yake alimwambia, "Uliyaweka kama baba yako." Mtoto wa darasa la tatu hawezi kukaza jiwe namna ile, na tata aliibeba ile barabara kichwani. Aliniuliza akiwa anajua. Nilipodanganya alinishukuru hivyo hivyo, na sasa nadhani hakuwa akinishukuru kwa jiwe.

Kisha mjomba akauliza kama nitakuja mwezi wa kumi na mbili. Nikasema nitakuja. Akasema nije na chokaa, maana yale mawe yamechakaa na siku hizi hayaoni vizuri. Nikamwambia si ajabu, ni mawe ya zamani, hayajapakwa miaka.

"Si mawe peke yake," alisema mjomba. "Na usiambie watoto wangu. Wako na chumba Nairobi."

Nitampeleka kwa daktari wa macho, hilo halina mjadala, na nimemwambia hivyo. Lakini chokaa nimenunua mfuko mzima, uko nyuma ya mlango wa jikoni na nyumba yote inanukia. Shule zinafungwa Ijumaa. Binti yangu, yule wa ripoti, amemaliza gredi ya tatu na hajawahi kukaa kijijini. Jana nimemuuliza kama anajua kukohoa.